Asali Iliyogemwa Mbali

Naanza kwa kupinga, kwa sababu neno lisipopingwa siku linaposemwa, baada ya mwaka huhesabiwa kuwa kweli. Ijumaa iliyopita, baada ya chakula cha mchana nyumbani kwangu Mabela, mtoto wa kaka yangu, Nasri, ambaye amekaa Kanada muda wa kutosha kuzaa huko na kusahau sehemu ya adabu za hapa, aliwatangazia jamaa wote waliokuwamo katika majlis yangu, chumba cha wageni, kwamba Wakanada ni watu wasio na mila wala tabia ya kuitwa yao.

“Ukimkanyaga Mkanada mguu,” alisema huku akijimiminia kahawa mwenyewe, “yeye ndiye anayekuomba radhi. Taifa gani hilo, Shangazi?”

Watu wakacheka. Akapata nguvu. Akasimulia kwamba binti yake mdogo amepewa swali skuli aandike ni nini kinachomfanya Mkanada kuwa Mkanada, na kwamba yeye, baba mtu, amemwambia aandike theluji na mchezo wa barafuni, kisha afunge daftari. “Tena aandike nini? Hakuna kingine!”

Baada ya kuwatukana wenyeji wake, akatoa zawadi aliyoniletea kutoka kwao: chupa ndogo ya kioo yenye umbo la jani, ndani yake asali nyembamba yenye rangi ya chai kavu. Nikafungua kifuniko. Harufu ile ilikuwa ya sukari iliyokaribia kuungua, na moshi wa kuni, na nyuma yake kitu kama gome la mti lililorowa mvua. Sikuwa tena Mabela. Nilikuwa mtoto, nimekaa kwenye mkeka huko Ruwi, vidole vyangu vinanata, na khofu kubwa inaanza kunipanda.

Wanaonijua wanajua kwamba nilifanya kazi ya kutunza kumbukumbu katika wizara moja ya Al Khuwair hadi nilipostaafu. Vijana wa ofisini wakiniita Mama Sahihisha, wakidhani sisikii. Nililirudisha kila faili lenye tarehe isiyolingana na barua yake, na sikumuonea haya mudiri, mkuu wa ofisi, wala farashi wa kupeleka chai. Lakini ipo kumbukumbu moja ambayo nimeiacha na kosa lake tangu utotoni, kwa kujua, kwa sababu kosa lile lilinifaa. Inawahusu watu wawili: mwanamke wa Kikanada ambaye nusura afukuzwe mtaani kwa neno langu, na Zuwena, binti ami yangu, aliyelibeba neno lile mgongoni badala yangu. Nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokuja huku Uarabuni kutoka Unguja na Pemba kama tulivyokuja sisi, na masanduku machache na Kiswahili kitupu. Baadhi yenu mlikuwamo katika mtaa ule, na mliisikia khabari kama ilivyosemwa. Ilisemwa vibaya.

Mnakumbuka tulivyokuwa. Nyumbani tukiambiwa tumerudi kwetu, walikotoka babu zetu. Skuli tukiulizwa tumetoka wapi. Kiarabu chetu kilikuwa cha sala na maamkizi. Mimi na Zuwena, ambao tulikuwa na umri mmoja na tukiishi nyumba moja, tuliwekwa darasani na watoto waliotufika kiunoni, na mwalimu akituita kwa jina la kisiwa, kana kwamba wazee wetu hawakutupa majina. Mama alitushonea nguo kutoka jora moja ili tusigombane, na jirani yetu Bi Thuraya, ambaye macho yake yalikuwa mazito na ulimi wake mwepesi, alituita pacha wa kitambaa kwa kuwa hakuweza kutupambanua.

Katika mtaa huo akaja kukaa Bi Heleni. Mumewe alikuwa mhandisi wa mabomba ya maji, mtu wa kutoka alfajiri na kurudi na vumbi. Bi Heleni mwenyewe aliwahi kusomesha Tanga miaka kadhaa, akaja na Kiswahili cha bara kilichokaa sawasawa, na Kiarabu kibovu kuliko chetu. Kwa hivyo wanawake wa Kizanzibari walimpenda: alikuwa mgeni kama wao, na mtu wa kuzungumza naye. Alipogundua kwamba wasichana tunakaa nyuma skuli, alitandika mikeka katika chumba chake cha mbele, akatundika ubao, na kila siku baada ya sala ya alasiri akatusomesha Kiingereza na hesabu. Hakumuomba mzazi yeyote kitu.

Bi Thuraya alikuwa akimwita Mmarekani wetu. “Mmarekani wetu, hujambo?”

“Sijambo, Bi Thuraya. Samahani, mimi Mkanada.”

“Si yale yale, mwanangu?”

“Samahani. Si yale yale.”

Haya yalirudiwa karibu kila asubuhi. Hakuwahi kukasirika, na hakuwahi, hata siku moja, kuliacha lipite. Bibi yangu, mzaa baba, aliyezaliwa Wete na ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alimtazama siku moja dirishani akasema, “Huyu ulimi wake laini, lakini shingo yake haipindi.”

Sisi watoto tulichokiona ni zile samahani. Bi Heleni aliomba radhi akichelewa, na akiwahi. Aliomba radhi wewe ukimwagia maji. Aliomba radhi kwa mbuzi akimpisha uchochoroni. Alasiri moja Zuwena alizihesabu kwa kokoto, akitia moja mfukoni kwa kila samahani, mpaka mfuko wa gauni ukamlemea upande. Tukiwa njiani kurudi nyumbani alinipa hukumu yake.

“Kaua huyu.”

“Kamuua nani?”

“Ntajuaje? Mtu huko kwao. Mtu hawezi kuomba radhi vile kama hana damu ya mtu. Ndo maana kakimbilia kwenye joto.”

Nilimwamini. Katika nyumba yetu radhi ilikuwa jambo zito: iliombwa kwa mzazi, kwa maiti kabla ya kuzikwa, na siku ya Iddi kwa yule mliyenuniana. Mtu aliyeitoa kama mtu anayegawa karanga alikuwa ama mwendawazimu ama mkosaji mkubwa. Mtanisamehe, nilikuwa mtoto. Lakini naona Nasri, mwenye ndevu na shahada mbili, bado yuko pale pale tulipokuwa mimi na Zuwena na kokoto zetu.

Siku moja Bi Heleni alipata kifurushi kutoka kwa mama yake. Alikuwa na furaha ya kitoto. Alitupikia chapati za maji, akafungua kopo la bati lililochorwa nyumba ndogo katika weupe mtupu, akamimina juu ya kila chapati mstari wa asali ile. Tulikula mpaka tukalamba viganja. Zuwena akauliza ni asali ya nyuki gani.

“Si ya nyuki,” alisema Bi Heleni. “Ni ya mti.” Na kwa kuwa Tanga alikuwa amejifunza neno lake, akalitumia. “Tunaugema.”

Akatueleza. Kwao, baridi inapoanza kulegea na theluji ingali chini, watu huenda mwituni, wakatoboa shina, wakatundika ndoo, na maji ya mti hudondoka tone, tone. Ni maji hasa, hayana rangi. Huyachemsha ndoo kwa ndoo, kutwa nzima, ili wapate chupa moja. Mtu mmoja hawezi. Moto ukizimika kazi imepotea, kwa hivyo jirani humwita jirani, hata yule wasiyesemezana, na watoto hupewa utamu wa kwanza uliomwagwa juu ya theluji. “Na maji yale hayangoji,” alisema. “Ukilala nayo, yanachacha.” Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa wakati ule. Alisema kwamba bibi yake alimfundisha kuwa asali hii ni ujuzi wa wazee wao, waliotoka ng’ambo, na kwamba bibi yake alikosea. “Wenyewe wa ardhi ile ndio waliotufundisha. Sisi tulikula, tukasahau kuwataja. Mkiwasimulia watu, muwataje wao kwanza.”

Wenzangu walisikia hadithi ya theluji. Mimi nilikuwa nimeshasimama kwenye neno la nyuma, kugema, na sikuweza kuendelea. Nyuma ya nyumba yetu Unguja alikuwa akipita mgema na kibuyu chake. Mama akimuona alinivuta ndani na kufunga mlango, kwa sababu alichochukua ndani ya kibuyu kilikuwa tembo, pombe ya mnazi, na hata jina lake halikutajwa mbele ya watoto. Sikujua mengi juu ya tembo, ila haya nilikuwa na hakika nayo: mti hukatwa, chombo hutundikwa, maji hudondoka, mtu huyachukua, na mwenye kuyanywa sala zake hazipokelewi siku arubaini. Nikahesabu. Nimekula tembo. Siku arubaini zingenipeleka mpaka ndani ya Ramadhani.

Nilikimbia hadi kwenye pipa la maji lililokuwa nje ya mlango wetu, nikasukutua. Nikasukutua tena. Nilipokuwa nasukutua mara ya kumi au zaidi, magharibi inakaribia, akapita Bi Thuraya.

“Wee mwanangu, mbona unajikoromea kooni hivyo? Umekula nini?”

Nikalia. “Nimekula tembo. Bi Heleni katulisha tembo.”

“Tembo? Lilogemwa?”

“Kasema mwenyewe. Kasema wanaugema mti.”

Sikumwambia habari ya ndoo kuchemshwa. Sikumwambia habari ya chapati. Niliulizwa swali moja nikatoa ushahidi wa jambo nisilolijua, na Bi Thuraya, akivuta baibui lake, akaenda zake mbio kuliko nilivyowahi kumuona akienda.

Asubuhi ya pili wanawake watatu walisimama mlangoni kwa Bi Heleni, naye Bi Thuraya akiwa mbele. Mimi na Zuwena tuliwaona kutoka juu ya dari la nyumba yetu, na uchochoro ule ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kila neno lilitufikia.

“Mwanangu, tunakuuliza kwa wema tu. Jana umewapa watoto wetu maji ya mti, ya kugema?”

Bi Heleni akashika kifua. “Samahani sana. Ndiyo, niliwapa. Samahani, ilinipasa kuwaulizeni kwanza. Nimekosea.”

Bi Thuraya akawageukia wenzake. “Mumesikia? Kakiri.”

Huo ndio msiba wenyewe, na naomba muutazame vizuri. Kwao Bi Heleni, neno lile la samahani lilimaanisha: nimekutia wasiwasi, na wasiwasi wako una haki kwangu. Kwetu lilimaanisha: nimetenda. Alipofahamu wanachomtuhumu nacho na kuanza kueleza, walikuwa wameshafika kwenye kona. Alasiri ile hakuna msichana aliyetumwa kusoma. Mwenye nyumba akaletewa khabari, na akatuma neno: ikifika Ijumaa hajajisafisha, ahame.

Alasiri ilipofika, Bi Heleni alifungua mlango wake kama kawaida. Akatandika mikeka yote. Akaandika ubaoni. Akakaa, mikono mapajani, mlango wazi, uso wake unaelekea njia ambayo watu wote wa mtaa walipita wakienda na kurudi sokoni.

“Anamsomesha nani?” nilimuuliza Zuwena.

“Anasomesha mikeka,” alisema Zuwena, na akacheka, ingawa hatukuona la kuchekesha. Zuwena alikuwa hivyo: akiingiwa na khofu, hucheka. Alicheka meno yaking’olewa. Alicheka siku tulipopanda meli.

Siku ya pili alifungua tena. Asubuhi alikuwa amepita mlango kwa mlango na kopo lake mkononi, katika jua kali, akigonga na kuomba radhi kwa kusumbua, na kuwaomba watu walinuse. Hawakulinusa. Alasiri akatandika mikeka. Siku ya tatu nilishindwa. Nilipita nyuma ya nyumba, nikaingia jikoni kwake, nikasimama nyuma ya pazia la chumba cha mbele nisionekane na njia.

“Bi Heleni, funga mlango,” nilimwambia. “Wanakucheka.”

Hakugeuka. “Kwetu, baridi ikikaza, nyumba za mbali hazitiwi komeo. Mtu akikwama njiani aingie, awashe moto, hata mwenyewe akiwa hayupo. Ukifunga, kuna mtu atakufa nje. Nimelelewa hivyo, siwezi kufunga.” Akafuta kitu ubaoni, akakiandika upya. “Tena nikifunga leo, nitakuwa nimekubali.”

“Wewe umeshakubali. Umeomba radhi.”

“Niliomba radhi kwa sababu waliogopa. Sikuomba kwa sababu ni kweli. Nani aliyeogopa kwanza, unamjua?”

Nilijua kwamba anajua. Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Akanisogezea chaki, akaniambia niandike sentensi ya siku ile, nami nikaiandika, na hakuuliza tena.

Nilikwenda kwa Bibi. Nilimkuta anachambua mchele, nikamuuliza kama mtu asiyehusika na jambo.

“Bibi, tembo likichemshwa sana linakuwa nini?”

“Tembo lipi? Kali au tamu?”

“Lilotoka mtini asubuhi ile ile.”

“Hilo tamu, bado halijawa kitu. Ukilipika likakauka linakuwa asali ya mnazi. Bibi yangu mie akipika Wete, tukila na muhogo. Halali kama maziwa. Kwani?” Kisha mkono wake ukasimama juu ya mchele. “Lakwe! Ndilo hilo walilomzulia yule mwanamke?”

Hakuniuliza nimejuaje. Alivaa baibui, akachukua kijiko cha jikoni, akatoka nacho mkononi kama mtu aliyeshika hati. Mimi na Zuwena tulimfuata, na njiani aliwagongea wanawake milango mmoja mmoja. “Njooni mshuhudie. Mulikuja kusikia, njooni na kuona.”

Katika chumba kile chenye mikeka mitupu, Bibi alilichukua kopo, akalinusa, akasema Bismillahi, akatia kijiko mdomoni. Alikaa nacho. Nadhani alikwenda mbali. Macho yake yalikuwa Pemba. Kisha akakitoa.

“Asali,” alisema. “Nani kasema tembo?”

Bi Thuraya akajitetea, “Mtoto wa nyumbani kwako, mama. Mmoja wa hawa. Yupi, sijui, nguo zao moja.”

Bibi akatugeukia. “Nani?”

Ningeweza kusema pale pale. Herufi nne tu: mimi. Nilinyamaza, nikainamisha kichwa, na ukimya wangu ukachukuliwa kuwa ni adabu. Zuwena, masikini, aliangalia nyuso zile zote zilizomkazia macho, akaingiwa na khofu, akacheka.

“Basi,” alisema Bi Thuraya. “Ndo huyo.”

Katika juma moja, mtaa mzima ulishuhudia radhi ikigeuzwa kuwa kukiri, na kicheko kikigeuzwa kuwa hatia, na mwenye hatia kusifiwa kwa malezi mema. Bi Heleni alibaki katika nyumba yake, na wasichana wakarudi kwenye mikeka. Zuwena hakurudi. Baba yake, ami yangu, alisema mtoto anayewazulia watu hafai kufundishwa lugha ya tatu ya kuwazulia. Bi Heleni alikwenda mlangoni kwake mara tatu. Nilimsikia. “Samahani, bwana. Mtoto hana kosa, ni mimi sikueleza vizuri. Mrudishe.” Aliyetukanwa ndiye aliyemuombea aliyedhaniwa kamtukana. Ami alimjibu kwa heshima kwamba hukumu imeshapita. Mara ya tatu, alipotoka, alinipita barazani nilipokaa, akaniwekea mkono kichwani kitambo kidogo. Hakunitaja kwa mtu yeyote, siku ile wala mpaka mabomba yalipokwisha na wakaondoka.

Kiingereza kile ndicho kilichonifungulia mlango wa wizara. Kila faili nililolisahihisha, nililisahihisha kwa mkono uliofundishwa kwenye mkeka ambao Zuwena aliondolewa kwa sababu yangu.

Kwa hivyo Nasri aliposema lile neno lake, nilimjibu, na nilimjibu kwa sauti. Nilimwambia kwamba mtu mmoja si taifa, na kwamba mimi nimemjua Mkanada mmoja tu; lakini huyo mmoja alitosha kunionyesha kwamba upole si ukosefu wa uti wa mgongo. Nilimwambia kwamba watu waliokutana katika baridi ile kutoka nchi mia, kila mmoja na lugha yake na mungu wake, wangekuwa wameuana kama wasingejifunza kuitanguliza radhi, kama sisi tunavyotanguliza salamu. Nilimwambia kwamba yeye mwenyewe ameingia katika nyumba isiyotiwa komeo, akaota moto, na sasa anawacheka waliowasha.

Nasri akaweka kikombe chini. Nampa haki yake: hakujibu kijinga. “Na wenyewe wa ardhi, Shangazi? Watoto wao walichukuliwa kwa nguvu, wakatiwa skuli za mbali, wakakatazwa lugha zao. Mbona hiyo radhi haikutangulizwa?”

“Ilichelewa,” nilisema.

“Ilichelewa sana. Na wengine wanasema bado haijatimia.”

“Basi mwambie binti yako aliandike na hilo. Aandike kwamba ni watu wanaoomba radhi kwa mguu uliokanyagwa papo hapo, na kwa jambo kubwa wakachelewa, na kwamba wakweli miongoni mwao wanalijua hilo na linawauma. Hiyo ni tabia ya taifa. Theluji ni hali ya hewa.”

Hakuna aliyecheka. Nikaichukua chupa nikaenda nayo jikoni, nikidhani nimeshinda.

Zuwena alikuwa mbele ya sinki, anasuuza vikombe vya kahawa, kama afanyavyo kila Ijumaa ingawa namkataza. Anakaa njia mbili kutoka kwangu. Mabinti zake wawili ni walimu wa Kiingereza. Alikuwa amesikia yote. Akafuta mkono, akachovya kidole katika kifuniko cha chupa, akakiweka mdomoni. Akakaa nacho kama alivyokaa Bibi.

“Asali,” alisema. “Nani kasema tembo?”

“Mimi,” nilisema.

“Nnajua.” Akarudi kwenye vikombe. “Nnajua tangu siku ile. Ulisukutua mpaka pipa likabaki nusu, na mie ndo nilotumwa kulijaza.”

“Kwa nini hukusema?”

“Weye kwa nini hukusema?” Akageuka. “Umemsimanga yule kijana wa watu mbele ya wageni, ati wale wamechelewa. Na yako inangoja nini? Mgema asifiwe kwanza?”

“Zuwena, naomba uniwie radhi kama nili…”

“Hapana.” Akanielekezea kikombe kilichokuwa kinatona maji. “Hakuna kama. Radhi yenye kama itoe mwenyewe ofisini kwako. Na usinambie mie, mie najua. Walionicheka mtaani ndio hawajui. Wengine wako hai. Weye si Mama Sahihisha? Sahihisha.”

Basi nasahihisha. Aliyemwambia Bi Thuraya, kando ya pipa la maji, kwamba Bi Heleni ametulisha tembo, ni mimi. Bi Heleni alitulisha asali ya mti, ambayo wenyewe wa ardhi ile ndio waliowafundisha wengine kuipika, na ninawataja kama nilivyoagizwa, ingawa nimechelewa. Zuwena binti ami yangu hakusema neno. Alicheka kwa sababu aliogopa, nami nilinyamaza kwa sababu niliogopa, na khofu yake ikamnyima skuli na yangu ikanipa cheo. Mliomwita mzushi, mmemwita kwa jina langu. Zuwena, nakuomba radhi.

Kabla ya kuipeleka karatasi hii, nilimsomea yeye kwanza, jikoni kwake, mlango wazi. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.